Kupasua Magogo kwa Jeki

Kama unaishi Kinole unazijua mvua za Uluguru. Masika yakianza, kuni hulowa. Mama anapuliza moto, lakini hauwaki. Moshi unajaa jikoni. Macho yanatoka machozi na watoto wanakohoa. Je, kosa ni la mvua peke yake?

Hapana. Wakati wa kiangazi gogo la mwembe au la mfenesi lilikuwa limelala uani, zima. Gogo zima hukauka polepole, kwa sababu magome huzuia maji kutoka. Gogo lililopasuliwa hukauka upesi. Kwa hiyo kuni za masika zipasuliwe kiangazi.

Lakini kupasua ni kazi nzito. Mgongo unauma. Shoka likiteleza, linakata mguu. Leo tutajifunza njia mbili za kupasua magogo: kabari na jeki.

KABARI

Kabari ni kipande cha chuma chenye upande mwembamba na upande mnene. Hata shoka ni kabari iliyotiwa mpini.

Tazama kichwa cha gogo. Utaona nyufa ndogo. Weka kabari kwenye ufa, kisha igonge kwa nyundo kubwa. Ikizama, weka kabari ya pili mbele yake. Usianzie penye kifundo, kwa sababu hapo nyuzi za mti zimejipinda.

Angalia pia kichwa cha kabari. Kikigongwa sana huchanua. Vipande vyake vinaweza kuruka na kuingia machoni. Kisawazishe kwa tupa kabla ya kufanya kazi.

Kwa magogo machache, kabari inatosha. Magogo yakiwa mengi na magumu, jeki husaidia.

NGUVU YA JEKI INATOKA WAPI?

Umewahi kumwona utingo akiinua lori la ndizi kwa jeki? Mtu mmoja anainua mzigo ambao watu kumi hawawezi kuuinua. Anawezaje?

Ndani ya jeki kuna mafuta na pistoni mbili, ndogo na kubwa. Katika karne ya 17, Mfaransa aitwaye Blaise Pascal alieleza kanuni yake. Maji au mafuta yaliyofungiwa ndani ya chombo, yakisukumwa mahali pamoja, husukuma kila upande kwa kanieneo ile ile. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya kushindilia iliyofuata kanuni hiyo.

Tufanye hesabu. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimita 1 ya mraba. Pistoni kubwa ina sentimita 20 za mraba. Ukiisukuma ndogo kwa nguvu ya kilo 20, kubwa itasukuma kwa nguvu ya kilo 400, kwa kuwa 20 mara 20 ni 400.

Lakini hakuna cha bure. Pistoni ndogo ikishuka sentimita 20, kubwa hupanda sentimita 1 tu. Ndiyo maana tunapiga mkono wa jeki mara nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

KUTENGENEZA KIFAA

Kifaa chetu kinafanana na fremu ya mlango mdogo wa chuma. Kina miguu miwili, kizingiti cha chini na kizingiti cha juu. Jeki husimama wima juu ya kizingiti cha chini. Kabari huchomelewa chini ya kizingiti cha juu, makali yakitazama chini. Gogo husimama katikati. Jeki inalisukuma gogo juu mpaka likutane na kabari.

Juu ya jeki weka bamba nene la chuma la kukalishia gogo. Bamba liwe na mashikio yanayoteleza kwenye miguu ya fremu, ili lisipinduke.

Pima kabla ya kukata chuma. Kama jeki ina urefu wa sentimita 23, bamba 2 na gogo 40, jumla ni sentimita 65. Ongeza 3 za kuingizia gogo. Basi kutoka kizingiti cha chini hadi makali ya kabari ni sentimita 68.

Sasa sikiliza vizuri. Jeki ya tani 10 inaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 10,000. Kila mguu wa fremu huvutwa kwa nguvu ya kilo 5,000. Kizingiti cha juu hupokea zote 10,000. Kwa hiyo mbao haifai. Chuma chembamba cha dirisha hakifai. Fremu dhaifu ikikatika, chuma huruka na kinaweza kuua. Kazi hii mpe fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu. Mwambie nguvu ya jeki yako, achague chuma kinachoizidi.

KUPASUA

1. Weka fremu mahali tambarare. Milimani kwetu gogo likiponyoka hubingirika hadi bondeni.
2. Kata gogo sawasawa pande zote mbili ili lisimame wima.
3. Elekeza ufa kwenye makali ya kabari.
4. Simama pembeni. Piga mkono wa jeki polepole.
5. Gogo likilia na kupasuka, acha kupiga. Legeza skrubu ya mafuta, jeki ishuke, ndipo utoe vipande.
6. Jeki ikifika mwisho kabla gogo halijapasuka, usiilazimishe. Ishushe, weka bamba jingine chini ya gogo, uanze tena.

TAHADHARI

Anayepiga jeki awe peke yake. Watoto wakae mbali. Usitie mkono ndani ya ufa wakati jeki inasukuma. Ukiona mafuta yanavuja, usiyazibe kwa kidole. Mafuta yenye kani kubwa hupenya ngozi. Shusha jeki, uipeleke kwa fundi.

KUNI ZITOKE WAPI?

Jeki isitufanye tukate miti ovyo. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru tangu mwaka 2008. Maji ya milima hii huingia mto Ruvu, nao hunywesha Dar es Salaam. Tumia miti ya shambani: mwembe uliozeeka, au mkaratusi ulioupanda mwenyewe. Mkaratusi upasue ungali mbichi. Ukikauka huwa mgumu.

Fremu moja yaweza kutumiwa na nyumba nyingi. Majirani wakichanga, kila mmoja atapata zamu yake kiangazi. Masika yakifika, kuni kavu zitakuwa zimepangwa chini ya paa, na mama atapika bila kulia.

MASWALI

1. Kwa nini gogo zima hukauka polepole?
2. Pistoni ndogo ikisukumwa kwa nguvu ya kilo 30, kubwa ya somo letu itasukuma kwa nguvu ya kilo ngapi?
3. Jeki yako ina sentimita 20, bamba 2, gogo 35. Ukiongeza 3, fremu iwe na nafasi ya sentimita ngapi?
4. Kwa nini fremu ya mbao haifai?
5. Zungumzeni darasani: katika kitongoji chenu, nani hupasua kuni, na lini?