Ngano Ikipauka, Angalia Jani Kabla ya Kufungua CAN

Mkulima wa Njoro au Rongai akiona ngano changa imepauka, wazo la kwanza ni kuongeza CAN, mbolea ya nitrojeni. Mara nyingi hakosei. Hata hivyo, kabla hujafungua mfuko, ingia shambani uangalie mambo mawili: ni majani yapi yaliyopauka, na ngano iliyo kwenye njia za magurudumu ya trekta ina rangi gani.

Nitrojeni ikipungua, manjano huanzia majani ya chini. Madini ya manganisi yakipungua, majani machanga na ya katikati ndiyo hufifia, yakawa na michirizi myeupe-kijani kati ya mishipa, kisha yakalegea. Pale gurudumu lilipopita, ngano hubaki kijani. Udongo ulioshindiliwa una hewa kidogo, na hewa ikipungua manganisi huwa rahisi kwa mizizi kuipata. Udongo uliolimwa ukawa laini kama unga huizuia. Upungufu wa shaba nao una dalili zake: ncha za majani machanga hukauka zikawa nyeupe na kujisokota, halafu masuke hutoka bila punje. Watafiti walieleza upungufu huo katika ngano ya Bonde la Ufa tangu miaka ya 1960, kwa hiyo usiuchukulie kuwa jambo la mbali.

Udongo wetu wa majivu ya volkano kwa kawaida una manganisi ya kutosha. Kinachoamua kama mmea utaipata ni pH na maji. Pale pH inapozidi 6.5 au 7, manganisi hujifunga. Ndivyo inavyokuwa katika udongo wenye magadi karibu na maziwa ya Nakuru na Elementaita, na pia katika shamba lililomwagiwa chokaa kupita kiasi. pH ikishuka chini ya 5.5, hasa mahali panapotuama maji, manganisi huweza kuzidi hadi ikawa sumu: majani makuukuu hupata madoa ya kahawia, na maharagwe au lusaini hukunja majani mapema kuliko ngano. Mbolea ya DAP msimu baada ya msimu huzidi kuutia udongo asidi.

Kwa sababu dawa ya hali moja huharibu nyingine, pima udongo kwanza. Tembea kwa kupinda-pinda, chota sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya katika ndoo ya plastiki, kisha anika kivulini. Usikaushe juu ya moto, kwa maana joto hubadilisha kipimo cha manganisi. Peleka kwenye maabara ya udongo inayoaminika, na uombe pH pamoja na madini madogo. Chota eneo lililopauka kando na eneo lenye afya. Sampuli moja ya shamba zima hautakuonyesha tofauti.

Ikithibitika kuwa manganisi imepungua, nyunyizia majani salfati ya manganisi, nusu kilo hadi kilo moja katika lita 100 za maji, asubuhi au jioni. Kuiweka udongoni penye pH ya juu ni kupoteza pesa, itafungwa tena. Madini haya hayahami kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, kwa hiyo huenda ukarudia baada ya wiki mbili au tatu. Ikizidi, toa maji yaliyotuama na utie chokaa ya kilimo kabla ya kupanda kwa kipimo cha maabara, ukilenga pH ya karibu 6.

Sasa twende zizini, maana mifugo nayo huhitaji madini haya madogo. Wafugaji wa Nakuru wa enzi ya ukoloni waliona ng'ombe wakikonda mbele ya majani mabichi, maradhi yakapewa jina la mji wenyewe, Nakuruitis. Chanzo kilikuwa kobalti iliyokosekana katika malisho. Rangi ya kijani haihakikishi lishe. Ng'ombe wa kuzaa anahitaji takriban miligramu 40 za manganisi kwa kila kilo ya chakula kikavu, na sileji ya mahindi mara nyingi haifiki hapo. Akikosa, joto huchelewa, au ndama huzaliwa na miguu dhaifu. Malisho ya udongo wenye asidi kali nayo huweza kuwa na manganisi nyingi mno, inayompunguzia mnyama madini ya chuma.

Marobota ya mabua ya ngano baada ya kombaini hujaza tumbo, lakini protini yake ni asilimia 3 au 4 tu, na manganisi haiwezi kuirekebisha. Changanya na lusaini au boma Rhodes iliyokatwa kabla ya kukomaa. Unaponunua chumvi ya ng'ombe, soma lebo uone kama ina manganisi, shaba, zinki na kobalti, na salfati ya kunyunyizia shamba usiitie kwenye hori.