Afya Hujengwa kwa Kidogo Chenye Kudumu



Katika darasa letu la hapa Voi tuliulizwa suala ambalo twaona jawabu lake litawafaa wengi. Muulizaji ni mtu wa makamo. Tabibu alimwambia kwamba sukari katika damu yake imeanza kupanda, ingawa haijafikia kuwa maradhi. Siku ile ile akaazimia kuacha wali, nyama, mahamri na chai ya sukari, na kila alfajiri akatoka kukimbia. Siku ya tisa magoti yalimuuma, siku ya kumi palikuwa na karamu ya harusi, na siku ya kumi na moja aliyarudia mambo yake yote na kuyazidisha. Akatuuliza: "Sheikh, ni imani yangu iliyo dhaifu, au ni mwili wangu usiokubali?"

Twajibu kwamba azma yake ilikuwa njema, ila kosa lilikuwa katika kipimo. Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kwamba amali haba yenye kudumu hupendeza kwa Mwenyezi Mungu kuliko nyingi yenye kukatika. Ikiwa hiyo ndiyo kanuni ya ibada, basi kuulea mwili, ambao ni amana, kwafuata njia iyo hiyo.

Na jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu. Kisukari nacho kikiachwa huharibu macho, figo na miguu, na mzigo wake huwaangukia mke na watoto.

Wenye elimu ya utabibu wamelithibitisha tunalolisema. Mwaka 2002 ulitolewa uchunguzi wa Marekani juu ya watu zaidi ya 3,000 ambao hali yao ilikuwa kama ya ndugu yetu. Kundi moja lilitakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Baada ya miaka mitatu hivi, hatari ya kupata kisukari ilikuwa imepungua kwa asilimia 58 katika kundi hilo. Waliopewa vidonge, hatari yao ilipungua kwa asilimia 31. Basi hebu tufanye hesabu. Mwenye kilo 80 hutakiwa kupunguza kilo tano na nusu hivi, na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Je, hilo ni la kumshinda mtu?

Sasa tueleze namna ya kuanza.

Kwanza, shika jambo moja, usishike kumi. Tuchukue mfano wa chai. Anywaye vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, amekula vijiko 12 vya sukari, takriban gramu 48. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku, na akishuka hadi 25 ni bora zaidi. Basi chai peke yake imekwisha kukijaza kipimo, kabla hatujagusa mahamri wala halua! Apunguze nusu kijiko katika kila kikombe kila wiki. Baada ya wiki nne atakuwa na kijiko kimoja, na ulimi utakuwa umezoea.

Pili, lifunge jambo jipya na lile ulifanyalo tayari. Sisi tuna Sala tano, na hakuna kengele iliyo bora kuliko adhana. Anayepanda bodaboda kutoka msikitini na arudi kwa miguu baada ya Alfajiri, kabla jua la Voi halijawa kali. Aanze kwa dakika kumi, kisha aongeze kidogo kidogo.

Tatu, tuvitazame vyakula vilivyo karibu nasi. Mboga za milima ya Taita zateremka hadi sokoni kwetu, na ndizi zatoka Taveta. Twawaomba mabibi wa nyumba waongeze mboga katika sahani na wapunguze wali kwa kiasi hicho hicho. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku nzima kwa kila mtu.

Nne, usikate tamaa unapoteleza. Watafiti wa London waliwachunguza watu 96, wakaona kwamba zoea jipya huchukua kadiri ya siku 66 hata likawa jepesi, na wengine huhitaji zaidi ya siku 200; na kuikosa siku moja hakukuharibu kazi. Tuikumbuke reli yetu iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 simba wa Tsavo waliwaua wajenzi hata kazi ikasimama. Ilipoanza tena, iliendelea pale pale ilipokomea. Hakuna aliyerudi Mombasa kuyang'oa mataruma. Mwaka 1901 ikafika ziwani.

Huenda mtu akasema: "Ajali iko mikononi mwa Mungu; kujinyima kwafaa nini?" Twamjibu: ni kweli, ajali ni Yake, lakini tumeamrishwa kumfunga ngamia kisha kutawakali. Na mwenye kutumia dawa asiziache kwa kusoma maneno yetu, bali amwendee tabibu wake.

Na sisi wenyewe hatujitoi katika lawama. Katika darasa letu chai ililetwa ikiwa imekwisha tiwa sukari tele, na aliyekataa alionekana hana adabu. Sasa sukari huwekwa kando, kila mtu akatia apendavyo.

Ama ndugu yetu muulizaji, ameanza upya kwa jambo moja: hurudi nyumbani kwa miguu baada ya Alfajiri. Magoti hayamuumi, na harusini huenda. Huu ni mwezi wa nne, naye hajakatiza.

Haba na haba hujaza kibaba. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atupe subira ya kudumu katika kheri. Amin.