SOMO LA LISHE: Kripsi na Chakula cha Saa Nne

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia kripsi, vile vipande vyembamba vya viazi mviringo vinavyokaangwa hadi vikakauka na kutiwa chumvi. Vituo vingine vya chekechea huzinunua kwa fedha za chakula cha saa nne, kwa kuwa hazihitaji kuni, maji wala mpishi. Sababu hizo tunazielewa. Lakini mtoto anapata nini?

Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80. Kikikatwa na kukaangwa, maji hutoka na mafuta huingia. Ndiyo maana gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zipatazo 87, bila mafuta ya kutajika, ilhali gramu 100 za kripsi zina kalori zaidi ya 500, na karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta. Anayesema "si viazi tu hivyo" akumbuke hesabu hiyo.

Mtu mzima akila pakiti mara moja moja, hatuna neno. Shida ni tumbo dogo la mtoto wa miaka mitatu: akishiba kripsi saa nne, maharage ya mchana hubaki sahanini. Pakiti ya gramu 30 ina protini gramu 2 hivi. Karanga za uzito huohuo zina zaidi ya gramu 7. Karanga hizo zisagwe na kutiwa kwenye uji, maana nzima humpalia mtoto. Kwa walio na miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 wasipewe kabisa vyakula vyenye chumvi au sukari nyingi.

Akina mama wanaokaanga kripsi za kuuza hatuwaambii waache. Ada za shule hutoka humo. Waloweke vipande katika maji kwanza, waviepue vikiwa vya manjano kabla havijawa kahawia, na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi wasiyarudie. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walionyesha kuwa vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali hutoa akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani.

Kamati zinazoandaa bajeti ya robo ijayo tunaziomba ziandike uji wa karanga mahali pa kripsi. Kama kikwazo ni kuni au sufuria, semeni wazi katika maombi yenu, ili wafadhili wajue jiko banifu linahitajika wapi.