Shika Mkono wa Mwenzako, Uhesabu Mapigo



Hapa Kongo, Kawangware, na kwa jirani zetu wa Kibera, wengi huenda kazini kwa miguu. Ukiona mume na mke njiani, mara nyingi baba yuko mbele na mama yuko nyuma hatua ishirini.

Nilikuwa mume wa namna hiyo. Asubuhi moja mke wangu aliketi kando ya barabara akihema, kizunguzungu kimemshika. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali, sina habari. Alipopimwa alikutwa na shinikizo la damu. Niliona aibu. Tangu hapo tumejifunza kupimana mapigo ya moyo.

Namna ya kupima

1. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mwenzako, chini ya dole gumba lake. Usitumie dole gumba lako, maana lina mpigo wake.

2. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika.

3. Chukua 220, toa umri wake. Mwenye miaka 45 atapata 175. Akitembea kwa mwendo wa kadiri, mapigo yawe kati ya nusu ya hesabu hiyo na asilimia 70, yaani 88 hadi 122. Mpime mara tu mnaposimama, kwa kuwa mapigo hushuka upesi.

Hayo ni makadirio tu. Tena, baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo. Anayezitumia amwulize daktari kipimo chake.

Hamna saa? Zungumzeni. Mkiweza kuongea lakini kuimba kukawashinda, mwendo ni wa kadiri. Mwenzako akishindwa kujibu, punguza hatua. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo huo kwa wiki.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi si mambo ya kuvumilia. Simameni, mtafute hospitali mara moja.

Siku hizi mimi na mama watoto tunatembea sambamba. Ya ada za shule na ya kodi ya nyumba tunayamaliza njiani, bila kugombana.

Ya kujadiliana nyumbani

Je, unajua mapigo ya mwenzako akiwa ametulia? Ni lini mara ya mwisho mlipima presha? Njiani, nani humngoja mwenzake?