Buibui-kaa wa Nyasi Kavu

Maneno ya kujifunza

kuotea: kujificha na kungojea windo
windo: mdudu au mnyama anayewindwa
adimu: asiyeonekana kwa urahisi, aliye mchache
kiuatilifu: dawa ya kuua wadudu au magugu shambani

Soma habari hii

Mlima Meru una pande zisizofanana. Upande wa kusini, kwenye mji wa Arusha, mvua ni nyingi. Huko kuna migomba na kahawa. Upande wa kaskazini mvua ni chache. Ukifika Oldonyo Sambu au Ngarenanyuki utaona nyasi fupi na vumbi. Udongo wake una majivu na mchanga uliotupwa na mlima ulipolipuka zamani. Mpita njia huweza kusema, "Hapa hapana kitu." Lakini viumbe wengi wanaishi humo. Mmoja wao ni buibui-kaa.

Buibui-kaa ni mdogo. Wengi hawafikii upana wa ukucha wa kidole gumba. Huitwa hivyo kwa sababu amefanana na kaa wa pwani. Kama buibui wote, ana miguu minane. Miguu yake minne ya mbele ni mirefu na yenye nguvu. Huweza kwenda mbele, kurudi nyuma na kwenda upande.

Buibui huyu hatandi utando wa kutegea wadudu. Yeye huotea. Anayeishi katika nyasi ana mwili mwembamba wenye rangi ya majani makavu. Hulala juu ya unyasi, akanyoosha miguu yake mbele na nyuma. Hata ukimtazama kwa karibu utadhani ni sehemu ya unyasi. Ndugu zake wengine hukaa katika maua. Baadhi yao huweza kubadili rangi polepole, kutoka nyeupe kuwa manjano, wafanane na ua.

Inzi akitua karibu, buibui-kaa humkamata kwa miguu ya mbele na kumwuma. Sumu yake humlegeza windo. Kisha humfyonza. Sumu hiyo ni ya wadudu wadogo, wala mtu hana haja ya kumwogopa.

Jike hutaga mayai ndani ya jani au unyasi aliokunja na kufunga kwa nyuzi zake. Mara nyingi hukaa hapo kuyalinda. Kwa hiyo nyasi ni nyumba yake, ni mahali pake pa kuwinda, tena ni mahali pa kulea.

Duniani zimejulikana zaidi ya aina 2,000 za buibui-kaa. Mwaka 1905 na 1906 wataalamu kutoka Sweden, wakiongozwa na Yngve Sjöstedt, walikusanya wadudu na buibui katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Habari za buibui hao ziliandikwa na Albert Tullgren mwaka 1910. Aina nyingine za buibui-kaa huishi mahali pa namna moja tu. Huko Ulaya wako wanaopenda nyasi kavu za mchanga peke yake. Nyasi hizo zikilimwa au kujengwa, nao huwa adimu.

Je, ni rafiki au adui wa mkulima?

Tuseme kweli. Buibui-kaa hachagui chakula. Hula inzi na nondo. Watoto wa nondo ni viwavi, na viwavi wengi hula mazao. Hapo anatusaidia. Lakini hula pia nyuki, na nyuki ni wa faida kwetu.

Sasa tupime. Buibui mmoja hukamata windo moja, akalifyonza kwa muda mrefu, ndipo akangojea jingine. Lakini kiuatilifu kikali kikipulizwa maharage yakiwa na maua, huweza kuua nyuki wengi kwa siku moja. Huua na buibui pia. Baada ya siku chache wadudu waharibifu hurudi, kwa sababu wao huzaana upesi. Buibui huchelewa kurudi. Mkulima hulazimika kununua dawa tena. Fedha ya ada na chumvi huishia kwenye chupa.

Huko Ngarenanyuki wakulima humwagilia nyanya na vitunguu, na dawa hutumika sana. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Tufanye nini?

1. Kagua shamba kabla ya kununua dawa. Je, wadudu waharibifu wapo? Ni wengi?
2. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Sasa unajua kusoma, usikubali kuambiwa tu. Tazama na rangi ya mstari wake. Nyekundu ni sumu kali sana. Kijani ina hatari ndogo zaidi, lakini nayo ni sumu.
3. Usipulize dawa mchana wakati mazao yana maua na nyuki wapo kazini.
4. Acha ukanda wa nyasi mpakani mwa shamba. Usiuchome moto. Hapo ndipo buibui watakapokaa.
5. Ukiwa na shaka, mwulize bwana shamba au bibi shamba. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina ofisi zake Ngaramtoni, karibu na Arusha.

Kazi ya kikundi

Asubuhi, tandikeni kitambaa cheupe chini ya nyasi za mpakani. Zipigeni taratibu kwa fimbo. Hesabuni buibui walioanguka, mwandike idadi. Fanyeni vivyo hivyo mahali palipopulizwa dawa. Kisha waacheni waende zao.

Maswali

1. Kwa nini buibui huyu anaitwa buibui-kaa?
2. Anakamataje windo bila utando?
3. Nyasi zinamfaa kwa mambo gani matatu?
4. Kwa nini wadudu waharibifu hurudi upesi kuliko buibui?
5. Jadilianeni: Katika kijiji chetu, ni nani anayesoma maandishi ya chupa ya dawa kabla ya kupuliza?