SOMO LA KIKUNDI: FUMBO LA NAMBA LENYE MIPAKA ILIYOPINDA



Wengi wenu mmekwisha kuona mafumbo ya namba yaitwayo sudoku, magazetini au katika simu. Pengine mliyapita mkisema, "Hayo ni ya watu wa ofisini." Sisi wa kikundi cha masomo tulisema hivyo hivyo. Sasa tumekwisha kushiriki mashindano yake kwa njia ya intaneti mara kadhaa. Tumeshindwa mara nyingi, tumefaulu kidogo, na mara moja tulifanya kosa la aibu. Tunaandika somo hili ili anayetaka kushiriki aijue njia, na asiyetaka naye apate faida ya kanuni moja ambayo inatufaa hata mbele ya mizani.

1. Asili ya fumbo

Fumbo hili lilitungwa na Mmarekani, Howard Garns, mchoraji wa ramani za majumba aliyekuwa amestaafu. Lilichapwa mara ya kwanza mwaka 1979 katika gazeti la mafumbo la huko Marekani, bila jina lake. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani ililichapa, na huko ndiko lilikopata jina la sudoku. Mwezi Novemba 2004 lilianza kutoka katika gazeti la The Times la London, na kutoka hapo likaenea dunia nzima. Garns hakuyaona hayo, kwa kuwa alifariki mwaka 1989.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 2006 katika mji wa Lucca, Italia. Mshindi alikuwa mwanamke kutoka Jamhuri ya Cheki, Jana Tylová, ambaye kazi yake ilikuwa uhasibu.

2. Mipaka ikipinda

Fumbo la kawaida lina mistari 9 inayolala na safu 9 zinazosimama. Ndani yake mna miraba 9 iliyo sawa, kila mmoja ukiwa na visanduku 9. Kila mstari, kila safu na kila mraba lazima uwe na namba 1 hadi 9, na namba isirudiwe.

Katika fumbo tunalojifunza leo, badala ya miraba iliyonyooka mna maeneo yaliyopindapinda, kama mashamba ambayo mpaka wake unafuata mto. Kila eneo lina idadi ileile ya visanduku, lakini hakuna umbo maalumu. Sharti ni lilelile: namba isirudiwe katika mstari, wala katika safu, wala katika eneo.

Tutatumia fumbo dogo la namba 1 hadi 5. Kumbukeni kwamba visanduku 5 haviwezi kufanya mstatili ila vikipangwa katika mstari mmoja. Kwa hiyo fumbo la ukubwa huu, likitaka maeneo yaliyo tofauti na mistari na safu, halina budi kuwa na mipaka iliyopinda.

Chukua karatasi, rula na kalamu. Chora visanduku 5 kwa 5, kisha kolezea mipaka ya maeneo haya:

A A A B B
A A B B B
C C D D E
C D D E E
C C D E E

Namba za kuanzia ni hizi. Nukta ni kisanduku kitupu:

. . . 2 4
. . . 1 .
. 2 . . .
. 5 . . .
. 3 . . .

Tukiandika 3/2, maana yake ni mstari wa 3, safu ya 2. Hapo pana namba 2.

3. Kanuni ya mabaki

Anayeanza hutazama namba moja moja na kuuliza, "Hii itaingia wapi?" Njia hiyo ni nzuri, lakini mipaka ikipinda hukwama upesi. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha. Wanaoshindana kila siku hutumia kanuni nyingine, ambayo sisi tunaiita kanuni ya mabaki.

Tazama mstari wa 1. Una namba 1, 2, 3, 4 na 5. Eneo A nalo lina namba 1, 2, 3, 4 na 5. Visanduku 1/1, 1/2 na 1/3 vimo katika mstari na vimo pia katika eneo A. Viondoe pande zote mbili. Mstari unabaki na 1/4 na 1/5. Eneo A linabaki na 2/1 na 2/2.

Vitu viwili vilikuwa sawa, tumeondoa kilekile pande zote mbili, basi mabaki nayo lazima yawe sawa. Kwa kuwa 1/4 ni 2 na 1/5 ni 4, visanduku 2/1 na 2/2 vina namba 2 na 4. Hatujui bado ipi iko wapi, lakini tunajua kwa hakika kwamba ni hizo.

4. Tulimalize fumbo

Hatua ya kwanza. Safu ya 2 ina namba 2 tayari, katika 3/2. Kwa hiyo 2/2 haiwezi kuwa 2. Ni 4, na 2/1 ni 2.

Hatua ya pili. Linganisha safu ya 1 na eneo C. Visanduku 3/1, 4/1 na 5/1 vimo kotekote, viondoe. Safu inabaki na 1/1 na 2/1. Eneo C linabaki na 3/2 na 5/2, ambazo ni 2 na 3. Basi 1/1 na 2/1 ni 2 na 3. Tumekwisha kupata kwamba 2/1 ni 2, kwa hiyo 1/1 ni 3.

Hatua ya tatu. Safu ya 2 ina 4, 2, 5 na 3. Inayokosekana ni 1, nayo inaingia 1/2. Mstari wa 1 sasa unakosa 5 tu, nayo inaingia 1/3.

Hatua ya nne. Mstari wa 2 unakosa 3 na 5. Safu ya 3 imekwisha kupata 5, kwa hiyo 2/3 ni 3, na 2/5 ni 5.

Hatua ya tano. Linganisha safu ya 5 na eneo E kwa namna ileile. Safu inabaki na 1/5 na 2/5, yaani 4 na 5. Eneo E linabaki na 4/4 na 5/4. Basi hizo nazo ni 4 na 5. Mstari wa 4 una 5 tayari, kwa hiyo 4/4 ni 4, na 5/4 ni 5. Safu ya 4 inakosa 3, nayo inaingia 3/4.

Sehemu iliyobaki ni nyepesi, jaribu mwenyewe kabla ya kutazama jibu. Anza na 4/1. Jibu kamili ni hili:

3 1 5 2 4
2 4 3 1 5
5 2 4 3 1
1 5 2 4 3
4 3 1 5 2

Katika kazi yote hii hatukubahatisha hata mara moja. Fumbo la namba 9 linatatuliwa kwa njia hiyohiyo, na kule waweza kuunganisha mistari 2 au 3 pamoja na kuilinganisha na maeneo 2 au 3.

5. Kanuni hii mbele ya mizani

Ndugu mmoja alituuliza, "Hayo yote yananisaidia nini mimi mchumaji?" Tukamjibu kwa mfano.

Karatasi ya lori inaonyesha kwamba kikosi kimetoa kilo 412 za majani mabichi. Kadi za wachumaji wa kikosi hicho zikijumlishwa zinatoa kilo 374. Majani ni yaleyale, basi jumla hizi mbili zingekuwa sawa. Kilo 38 ziko wapi? Usianze kwa kumtuhumu mtu. Chukua orodha mbili, ya mizani na ya kadi. Futa kila kipimo kinachoonekana kotekote. Kinachobaki upande wa mizani ndicho ambacho hakikuandikwa kwenye kadi.

Jambo la namna hii lilitupata sisi wenyewe katika shamba moja. Siku ya mvua kubwa kadi za akina mama wawili hazikuandikwa. Zamani tungekwenda ofisini na hasira tu, tukaulizwa ushahidi, tukarudi. Safari hii mjumbe wetu alikwenda na karatasi yenye orodha mbili na vipimo viwili vilivyobaki vikiwa vimepigiwa mstari. Mazungumzo hayakuwa marefu, na akina mama wale walilipwa.

Hatusemi kwamba sudoku inaongeza mshahara. Tunasema kwamba mtu aliyezoea kulinganisha na kufuta huona upesi mahali ambapo hesabu haikukaa sawa.

6. Jinsi ya kushiriki

Shirikisho la Mafumbo la Dunia, kwa jina lake World Puzzle Federation, huendesha mashindano ya sudoku kwa njia ya intaneti yenye mizunguko kadhaa. Kushiriki ni bure. Mzunguko mmoja huchukua dakika 90. Mafumbo huwa ya aina mbalimbali, na yale ya mipaka iliyopinda hutokea mara kwa mara. Mambo ya kukumbuka ni haya:

(a) Kijitabu cha maelezo hutolewa kabla ya siku ya mashindano. Kisomeni pamoja kikundini. Kinaeleza aina za mafumbo na pointi za kila moja. Anza na yale unayoyaweza, si lazima ufuate mpangilio.

(b) Aliye na mahali pa kuchapa karatasi achape. Kutatua kwa kalamu ni rahisi kuliko kwa kidole juu ya simu ndogo.

(c) Angalieni saa. Mara nyingi saa hutangazwa kwa majira ya Ulaya au ya Greenwich. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Ikiandikwa 12:00 ya Greenwich, kwetu ni saa tisa alasiri. Mara ya kwanza sisi tulisoma 12:00 tukaelewa saa kumi na mbili jioni. Tulipofungua simu, shindano la siku ile lilikuwa limekwisha.

(d) Jibu la kubahatisha likikosewa laweza kukupunguzia pointi. Afadhali fumbo moja lililokamilika kuliko matatu ya kubahatisha.

(e) Mkiona shindano linalodai ada na kuahidi fedha nyingi, liacheni. Mshahara wetu hautoshi kuchezewa kamari.

(f) Anayetoka zamu ya usiku alale kwanza. Fumbo litamngoja.

7. Kosa letu

Sasa tueleze kosa tulilotaja mwanzoni. Mashindano haya ni ya mtu mmoja mmoja. Kusaidiwa na mwenzako, au na programu ya kutatua mafumbo, hakuruhusiwi. Sisi tulilijua sharti hilo. Hata hivyo, katika mzunguko mmoja tulikaa watu wanne kuzunguka simu moja, tukagawana mafumbo, na majibu yote tukayapeleka kwa jina la ndugu mmoja. Matokeo yalipotoka jina lake lilikuwa juu sana kuliko siku zote. Tulipongezana, tukanunua soda.

Jumapili iliyofuata tuliwaeleza wenzetu kikundini. Mama mmoja, mchumaji wa miaka mingi, akauliza kwa upole, "Wanangu, karani akiandika kilo za watu wanne katika kadi ya mtu mmoja, ninyi mnaliitaje jambo hilo?"

Hakuna aliyejibu. Wengine tulitaka kujitetea kwamba hapakuwa na fedha wala zawadi, na kwamba umoja ndiyo desturi yetu. Lakini kila aliyekuwa chini ya jina lile katika orodha alikuwa amefanya kazi peke yake kwa dakika 90, naye alishushwa na kazi ya watu wanne. Pengine naye ni mfanyakazi aliyetoka zamu. Hatuwezi kuikataa mizani ya uongo shambani kisha tukaitumia sisi wenyewe.

Usiku uleule tuliwaandikia waandaaji, tukaeleza yote, na matokeo yale yakaondolewa. Katika mzunguko uliofuata kila mmoja alishiriki peke yake. Tulikuwa karibu na mkia wa orodha. Ndugu yule ambaye jina lake lilitumika alimaliza mafumbo 3 tu, na moja kati ya hayo lilikuwa la mipaka iliyopinda. Alituonyesha karatasi yake, yenye mabaki aliyoyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu: kujifunza ni kwa pamoja, kabla na baada ya mashindano, lakini saa ya mashindano kila mtu na karatasi yake.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika fumbo letu, linganisheni mistari ya 1 na ya 2 kwa pamoja na maeneo A na B kwa pamoja. Je, kuna mabaki? Kwa nini?

2. Fumbo la namba 9 limetolewa, na katika namba za kuanzia hamna 6 wala 7 hata moja. Kwa nini haliwezi kuwa na jibu moja tu? (Fikirini itakuwaje mkibadilishana 6 zote na 7 zote katika jibu.)

3. Chukueni kadi zenu za mwezi uliopita na karatasi za mshahara. Fanyeni kazi ya kufuta kama tulivyoeleza katika sehemu ya 5. Mkiona mabaki, mpelekeeni mjumbe wenu yakiwa yameandikwa.