Cheni ya mtandaoni ni nafuu kweli?

SWALI: Ninaendesha pikipiki ya TVS ya kubeba abiria kati ya Butembo na Beni. Kwenye simu naona seti ya cheni kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Niagize?

JIBU: Ndugu, kwanza hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Futa grisi kwenye cheni yako, usome namba iliyogongwa ubavuni. 428 na 428H zote zina milimita 12.7 kati ya pini na pini, ila mabamba ya 428H ni manene zaidi. Hesabu pia pingili, na meno ya spoketi ya mbele na ya nyuma. Tangazo lisilotaja hayo, achana nalo.

Pili, bei ya kwenye simu ni ya mzigo ukiwa bado kwa muuzaji. Ongeza usafiri, forodha ya mpakani Kasindi na nauli ya kufika mjini. Mzigo wa ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kutegemea kipi kimezidi. Boksi la sentimita 60 × 30 × 20, ukigawa kwa 6,000 kama ilivyo kawaida, huhesabiwa kilo 6 hata kama ndani mna madigadi ya kilo 2. Kwa hiyo vitu vikubwa lakini vyepesi kama madigadi nunua mjini.

Cheni nayo inunue dukani, uipime kabla ya kulipa: kila siku pikipiki inapolala ukingoja mzigo, unapoteza mapato. Mtandaoni agiza kile tu kisichopatikana Butembo wala Beni, tena ungana na wenzako kadhaa mgawane gharama ya usafiri.